Namna ya Kupata Somo la Imani Katika Kazi za Nyumbani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaojaribu zoezi hili hukwama mahali pale pale. Siku ya kwanza wanaandika kwamba sabuni huondoa uchafu kama Yesu anavyoondoa dhambi. Siku ya pili wanaandika kwamba taa ni Neno la Mungu. Siku ya tatu hawana la kuandika, na daftari linaingia kabatini.

Si uvivu, wala si uhaba wa imani. Kilichoharibika ni mpangilio. Wameanza na somo ambalo tayari walilijua tangu shule ya Jumapili, kisha wakazunguka nyumba wakitafuta kitu cha kulibandika. Hapa tunaanza upande wa pili: kazi kwanza, mikono ikiwa bado imelowa, kisha Maandiko, kisha kitendo kimoja. Ukiruka hatua ya 2 au ya 5, utarudi kwenye sabuni na taa.

## Vitu vya kuandaa

- Biblia, ikiwezekana tafsiri mbili: Union Version na Habari Njema. Ya kwanza ndiyo wengi wameikariri. Ya pili husaidia pale sentensi inapokuwa nzito.
- Itifaki ya Biblia (kitabu kinachopanga maneno ya Biblia na kuonyesha mistari yanamopatikana), au programu ya Biblia yenye sehemu ya kutafuta neno. Bila hiki utategemea mistari kumi unayoikumbuka, na kila kazi itaishia kwenye mistari hiyo hiyo.
- Daftari dogo ambalo hutaumia likilowa pembe. Likae jikoni, au popote kazi inapofanyika. Daftari la chumbani huandikwa usiku kwa kubuni. Kalamu ifunge kwa uzi, maana kalamu za jikoni zina miguu.
- Dakika 10 za jioni, na dakika 2 mara tu baada ya kazi.
- Mtu mmoja wa kumsomea mara moja kwa wiki: mwenzi, mzazi, mtoto mkubwa au rafiki wa kanisani. Awe mtu anayeweza kukuambia, "Hapo sijaelewa."

Kila ukurasa ugawe sehemu tano, ukiandika vichwa hivi pembeni: Kazi. Nilichoona. Andiko. Inapokatika. Nitakachofanya. Sehemu ya nne ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayozuia somo lisigeuke kuwa uongo mtamu.

## Hatua ya 1: Chagua kazi moja, uishike siku saba

Usiseme "nyumba yangu." Sema "kuosha vyombo vya jioni", "kukunja nguo", "kufagia chumba cha mbele", "kumwandaa mtoto asubuhi."

Kazi inayofaa ina sifa tatu. Unaifanya kila siku au karibu kila siku. Unaifanya kwa mikono yako mwenyewe, hukai pembeni kumtazama mtu mwingine. Tena huchukua angalau dakika 5, kwa sababu jambo la nusu dakika halikupi nafasi ya kuona kitu.

Kwa nini moja tu? Siku ya kwanza unaona kile ambacho mtu yeyote angekiona. Vitu vyenye thamani huanza kujitokeza siku ya tatu au ya nne, pale unapogundua kwamba jambo fulani hujirudia. Anayebadili kazi kila siku hubaki siku ya kwanza milele.

Tahadhari: wiki ya kwanza usichague kazi yenye maumivu makubwa, kama kumuuguza mtu aliye mahututi au kupanga vitu vya marehemu. Moyo uliojaa utasoma ujumbe kila mahali. Kazi hizo zina masomo yake, lakini zinahitaji mtu aliyekwisha kuizoea hatua ya 5.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuitaja kazi yako kwa maneno matatu au manne, na mtu wa nyumbani akajua mara moja ni ipi.

## Hatua ya 2: Siku tatu za kutazama tu

Kwa siku tatu za mwanzo ni marufuku kuandika neno lolote la kanisani. Hakuna neema, hakuna dhambi, hakuna utakaso. Andika mambo matatu kila siku, yale tu ambayo jicho, mkono, pua au sikio limeyapata.

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Tuseme umechagua kuosha vyombo vya jioni. Maandishi dhaifu husema: "Vyombo vilikuwa vichafu, nikaviosha vikawa safi." Hilo hata mtu asiyewahi kugusa karai angeliandika. Maandishi mazuri yanafanana na haya:

- Sufuria iliyotiwa maji ikiwa bado ya moto, ukoko wake ulitoka kwa kitambaa. Sufuria ya jana iliyoachwa kavu, yenye ukoko kiasi kile kile, ilitaka kulowekwa na kukwanguliwa.
- Glasi zilizooshwa baada ya sufuria zilibaki na ukungu wa mafuta. Zilipotangulia, ziling'aa kwa maji yale yale.
- Maji yalipopoa, mafuta yaliyokuwa yametoka yalirudi kushika ukingo wa karai.
- Nilikasirika nilipokuta sahani imefichwa chini ya kiti, kuliko nilivyokasirikia sahani kumi zilizokuwa mezani.

Angalia lile la mwisho. Hisia zako nazo ni sehemu ya ulichokiona, mradi uziandike kama zilivyokuwa bila kuzihukumu.

Kipimo ni hiki: je, ungeweza kuandika sentensi hii bila kuifanya kazi yenyewe? Kama ndiyo, ifute. Kipimo hiki kikali kitakufutia karibu kila kitu siku ya kwanza. Ni sawa.

Ukitaka kuhakikisha jambo, lijaribu. Kwa mfano wa ukoko, chukua sufuria mbili zilizopikiwa uji ule ule. Moja itie maji mara baada ya kupakua, nyingine iache wazi hadi asubuhi. Hesabu mara ngapi unasugua kila moja. (Kama sufuria zako zina utando mweusi wa kuzuia kuganda, tumia sifongo laini, waya huharibu utando huo.) Watoto hulipenda jaribio hili, na hesabu wanayoipata wenyewe hawaisahau.

Mafanikio: mwisho wa siku ya tatu una sentensi 9, na angalau mbili zinakushangaza kidogo.

## Hatua ya 3: Geuza moja kuwa swali

Siku ya nne, chagua sentensi moja, uipitishe kwenye maswali haya:

1. Kazi hii inadai nini kwangu?
2. Nini hutokea nikichelewa, au nikiruka hatua?
3. Nani ananufaika bila kujua kwamba kuna mtu amefanya?
4. Nini kinanikera hapa, na kwa nini hicho hasa?

Usiyajibu yote. Swali moja litashika. Katika mfano wetu, swali la pili linashika ukoko: *kwa nini kitu kile kile, kwa kiasi kile kile, kinakuwa kigumu kwa sababu tu nimekiacha?* Liandike swali lako likiwa bado swali. Anayekimbilia jibu hapa ataandika jibu alilolizoea, na swali litabaki palepale.

## Hatua ya 4: Tafuta andiko, kisha usome majirani zake

Toa neno kuu kutoka kwenye swali, si kutoka kwenye kitu. Huu ndio mtego wa hatua hii. Mwenye swali la ukoko akitafuta "sufuria" kwenye itifaki, atapata vyombo vya hekalu na mengine yasiyomhusu. Swali lake linahusu kuchelewa na kukauka kwa jambo baya, kwa hiyo atafute "hasira", "patana", "upesi". Atafika Waefeso 4:26, jua lisichwe na uchungu haujatoka bado, na Mathayo 5:23-25, kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako.

Sasa soma aya kumi kabla na kumi baada. Si kwa adabu tu, bali kwa sababu mstari peke yake hubeba chochote unachoutwika. Ukisoma Waefeso 4:25-32 yote, unaona kwamba agizo la machweo limewekwa kati ya mambo ya watu wanaoishi pamoja: kuambiana ukweli, kuacha wizi, kuchunga ulimi, na mwishoni kusameheana kama Mungu alivyosamehe katika Kristo. Mstari wa 27 unatoa sababu: msimpe Ibilisi nafasi. Kwa hiyo jambo si saa ya ukutani. Jambo ni nafasi inayoachwa wazi usiku kucha.

Kwa anayeanza, hizi ni baadhi ya sehemu ambazo Biblia yenyewe imeingia ndani ya nyumba za watu:

- Kufagia na kutafuta kilichopotea: Luka 15:8-10.
- Kukanda unga: Mathayo 13:33, pamoja na 1 Wakorintho 5:6-8.
- Kutia kiraka: Marko 2:21.
- Kuosha vikombe na sahani: Mathayo 23:25-26.
- Kupanga kabati: Mathayo 6:19-21, nondo na kutu.
- Akiba inayopungua: 1 Wafalme 17:8-16.
- Kujitazama kwenye kioo: Yakobo 1:22-25.
- Kupanga matumizi ya ujenzi: Luka 14:28-30.
- Kupokea wageni wasiotarajiwa: Mwanzo 18:1-8 na Waebrania 13:2.
- Kwenda kulala: Zaburi 127:1-2 na Zaburi 4:8.

Orodha hii ni ya kuanzia. Usiifanye kamusi ya kudumu, kwa sababu ambayo utaiona kwenye mfano wa unga hapa chini.

Mafanikio: unaweza kumweleza mtu andiko lako lilisemwa na nani, kwa nani, na kuhusu nini, kabla hujataja kazi yako ya nyumbani.

## Hatua ya 5: Pima somo kabla ya kuliamini

Andika somo kwa sentensi moja. Kisha uliulize mambo matatu.

Je, wasikilizaji wa kwanza wangelitambua? Kama Waefeso wangeshangaa kusikia unachodai barua yao inasema, umekosea njia.

Je, ukiondoa kitu, ukweli unabaki? Ukoko haufundishi msamaha. Maandiko ndiyo yanayofundisha. Ukoko umekusaidia kuona. Kama ukiondoa sufuria somo linaanguka lote, basi ulichokuwa nacho ni maoni kuhusu sufuria.

Je, linanigusa mimi kwanza? Somo ambalo mara tu ulipolipata ulimfikiria mtu mwingine aliyepaswa kulisikia, liweke pembeni. Kibanzi na boriti, Mathayo 7:3-5.

Kisha jaza sehemu ya Inapokatika. Kila mfano una mwisho wake. Huu wa ukoko unakatika mahali muhimu sana: sufuria haiumii. Mtu aliyekosewa anaweza kuhitaji muda, na aliyepigwa au kutishiwa ndani ya nyumba anahitaji kwanza ulinzi na msaada wa watu wazima wanaoaminika. Kumsukuma apatane na aliyemuumiza kabla jua halijazama, eti kwa sababu ukoko hukauka, ni kulitumia Neno vibaya. Vivyo hivyo mtoto anayelazimishwa kutamka "nimekusamehe" ili taa izimwe amefundishwa kusema tu.

Maandiko yenyewe yanakulazimisha kuwa makini hapa. Chukua chakula kilichobaki. Katika Yohana 6:12 Yesu anaagiza vipande vikusanywe kisipotee chochote. Katika Kutoka 16:19-20 Musa anakataza mana isibakizwe hadi asubuhi. Walioibakiza waliikuta ina mabuu, inanuka. Ukiwa na andiko moja tu, utajenga sheria ya nyumba: daima weka, au kamwe usiweke. Ukiwa na yote mawili, unaona kwamba huko jangwani tatizo lilikuwa kutokuamini kwamba kesho Mungu atatoa tena, na huku kando ya ziwa tatizo lingekuwa kudharau kilichokwisha kutolewa. Swali la kujiuliza mbele ya kabati lako linabadilika kabisa: ninahifadhi kwa shukrani au kwa hofu?

Mafanikio: sehemu ya Inapokatika ina angalau sentensi moja ya kweli. Ikiwa tupu, bado hujapima.

## Hatua ya 6: Kitendo kimoja chenye jina na saa

"Nitakuwa mwepesi wa kusamehe" si kitendo. "Leo kabla ya kulala nitamwambia dada kwamba nilimjibu vibaya asubuhi kuhusu ufunguo" ni kitendo. Kina mtu, kina wakati, kina jambo. Kiwe kidogo kiasi cha kumalizika ndani ya siku, na ukikimaliza weka alama ya vema.

Ombi nalo liwe fupi na la jambo hilo hilo. Sentensi mbili zinatosha, hata ukiwa bado unakausha mikono.

## Hatua ya 7: Kuwashirikisha wa nyumbani bila kuwachosha

Kumbukumbu la Torati 6:6-7 inataja nyakati nne za kuzungumza maneno ya Mungu na watoto: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Zote ni nyakati ambazo watu wanaendelea na shughuli zao. Hakuna aliyeitwa sebuleni akalishwa hotuba.

Kanuni chache zinazofanya kazi:

Fanya pamoja kwanza, sema baadaye. Mtoto asiyeshika ufagio hana cha kukumbuka.

Uliza kabla ya kueleza. "Kwa nini hii imetoka upesi na ile imekataa?" Nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Wazazi wengi hujibu swali lao wenyewe wakiwa hata hawajafika tatu.

Dakika mbili zinatosha. Ukiona macho yanatafuta mlango, umeshapitiliza.

Kwa walio chini ya miaka 6, kitu kimoja cha kushika na sentensi moja. Kuanzia miaka 7 hadi 12, wape kazi ya kutafuta mahali mfano unapokatika. Wana kipaji hicho kuliko watu wazima, na watafurahi kukukosoa. Vijana usiwahubirie kabisa. Wasomee ukurasa wako ukiwemo udhaifu wako, kisha waache.

Onyo kubwa: usigeuze kosa la mtoto kuwa mahubiri papo hapo. Maziwa yamemwagika? Futeni maziwa. Mtoto akishagundua kwamba kila akivunja kitu Biblia inafunguliwa, atajifunza kuiogopa Biblia au kuficha vipande. Ni kweli nabii Nathani alimfikia Daudi kwa hadithi ya mwanakondoo, 2 Samweli 12, lakini alitumwa na Bwana kwa mfalme aliyekuwa ameua na kunyamaza. Kikombe cha maziwa hakijafika huko.

## Mfano mzima: siku ya kukanda unga

Huu unafaa familia, kwa sababu una muda wa kusubiri ndani yake.

Vipimo: unga wa ngano gramu 500, hamira kavu gramu 5 (karibu kijiko kimoja na nusu cha chai), chumvi kijiko kimoja cha chai, maji ya uvuguvugu mililita 300. Hamira ni sehemu moja kwa mia ya unga. Mwachie mtoto aweke hivi viwili pamoja mezani, aone tofauti kabla ya kuchanganya.

Kosa la kwanza linalotokea ni maji ya moto. Kidole kisipoweza kutulia ndani yake kwa raha, acha yapoe. Hamira ni viumbe hai, na joto la nyuzi 60 huwaua. Unga hautaumuka hata ukisubiri usiku mzima.

Kanda dakika 10 hadi donge liwe laini na lisishike mikono sana. Funika. Weka penye joto kwa saa moja hadi moja na nusu, mpaka limeongezeka mara mbili. Bonyeza kwa kidole kilichopakwa unga: shimo likirudi polepole, tayari. Likirudi upesi, bado.

Nilichoona (mambo ambayo familia itayapata ikitazama): baada ya dakika tano za kukanda huwezi tena kuonyesha hamira iko wapi. Dakika 20 za kwanza hakuna kinachoonekana, na mtoto atafunua kitambaa mara nyingi. Kila anapofunua, joto linapungua na kazi inachelewa. Likishaumuka, hakuna namna ya kuirudisha hamira kwenye pakiti.

Andiko: Mathayo 13:33. Kwenye itifaki tafuta "chachu". Mwanamke wa mfano ule aliitia katika pishi tatu za unga, na hicho ni kipimo kikubwa mno kwa mlo wa nyumba moja; kwa makadirio ya kawaida kinazidi lita 20. Yesu alikuwa akizungumza juu ya ufalme wa mbinguni: umefichwa, mdogo, na unafika kila mahali.

Sasa soma 1 Wakorintho 5:6-8. Chachu ile ile, na Paulo anaagiza itolewe nje, kwa sababu anazungumzia uovu uliovumiliwa katika kanisa. Chachu ya siku zile lilikuwa donge la unga wa zamani uliochacha, lililohifadhiwa ili kuchachisha unga mpya. Waisraeli waliagizwa kuiondoa majumbani siku saba za mikate isiyotiwa chachu, Kutoka 12:15. Kitu kimoja, mafundisho mawili yanayokabiliana. Anayeandika nyuma ya daftari "chachu maana yake uovu" atausoma mfano wa Mathayo kichwa chini.

Kinachobaki katika yote mawili ni namna chachu inavyofanya kazi: kidogo, kimya, hadi mwisho. Swali linalofaa kwa familia wakati wa kusubiri ni hili: *katika nyumba hii ni jambo gani dogo, zuri au baya, ambalo limeshaingia katika kila kitu na hatuwezi tena kuonyesha lilianzia wapi?* Namna ya kuitana, kwa mfano. Kejeli. Au shukrani.

Inapokatika: hamira haina hiari, watu wanayo. Na tabia mbaya iliyoenea nyumbani inaweza kutolewa, japo hamira haitoki.

Nitakachofanya: kila mmoja ataje jambo moja la kuanzisha au kuacha hadi Jumapili. Moja tu.

## Mambo matatu yanayoharibu zoezi

Kugeuza somo kuwa ishara. Mboga imeungua, basi Mungu amenikasirikia. Mtoto ameanguka, basi kuna kitu nimekosea. Wanafunzi walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, naye akakataa njia hiyo ya kusoma, Yohana 9:1-3. Akakataa tena kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara Siloamu, Luka 13:4-5. Rafiki zake Ayubu walieleza kwa ufasaha mkubwa kwa nini anateseka, na mwishoni Mungu akawaambia hawakunena yaliyo sawa, Ayubu 42:7. Mboga imeungua kwa sababu moto ulikuwa mkali na wewe ulikuwa kwenye simu. Anzia hapo.

Kumtumia Martha kama fimbo. Luka 10:38-42 husomwa mara nyingi kuwatia hatia wale wale wanaobeba nyumba mabegani, na wanaoisoma hivyo aghalabu ndio wanaosubiri kupakuliwa. Soma vizuri: Yesu anagusa kusumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Hasemi kupika ni dhambi. Katika Yohana 12:2 Martha yuko tena kwenye karamu, anahudumia, na hakuna anayemkemea. Katika Yohana 21:9-13 Yesu mwenyewe amewasha makaa, ameweka samaki na mkate, anawaita wanafunzi wake waje kula. Kama zoezi hili linakuongezea mzigo, punguza mzigo kwanza: gawa kazi, kisha rudi kwenye daftari.

Kutafuta la kuwavutia watu. Ukianza kuandika ukimfikiria atakayesoma, sentensi za hatua ya 2 zitaanza kupambwa. Dalili yake ni kwamba kila ukurasa unaisha vizuri mno.

## Mwisho wa wiki

Siku ya saba msomee yule mtu wako kurasa zote. Asikilize tu, kisha akuonyeshe moja asiyoielewa na moja iliyomgusa. Usibishane naye kuhusu ile ya kwanza. Irudishe hatua ya 5.

Kama siku saba zimepita na hakuna swali lililoshika, kwa kawaida sababu ni moja kati ya hizi: ulifanya kazi huku ukisikiliza redio au simu, au kazi hiyo huifanyi mwenyewe. Izime redio siku mbili. Isipobadilika, chagua kazi yenye usumbufu zaidi, kama kutafuta kitu kilichopotea au kumwamsha mtu asiyetaka kuamka.

Anayeishi peke yake abadilishe swali la tatu la hatua ya 3. Badala ya "nani ananufaika bila kujua", aulize "ningeifanyaje kazi hii kama kuna mgeni anakuja, na kwa nini siifanyi hivyo leo?"

Wiki ya pili chagua kazi ya aina tofauti na ya kwanza: kama ilikuwa ya maji, chukua ya kupanga, kama ilikuwa ya mikono mitupu, chukua ya kuhudumia mtu. Lakini kwanza pitia sehemu za Nitakachofanya. Ukurasa ambao bado hauna alama ya vema, maliza kitendo chake kabla hujafungua ukurasa mpya.